Mkia wa Samaki Nje ya Kikapu

Ukitaka kumwona Beldina akinyamaza, na hilo si jambo dogo, mtajie Kogo Chepngeno. Kisu kitasimama juu ya samaki, aseme, "Huyo ndiye alikuwa mteja wangu wa kwanza hapa Litein," kisha aendelee kupara magamba kama mtu aliyeudhiwa.

Beldina alitoka ziwani kumfuata mumewe, Gordon, aliyepata kazi kwenye kiwanda cha majani chai. Akaweka meza sokoni, akaanza kukaanga samaki. Ole wake! Wazee wa Kipsigis, wenyeji wa pale, walimwona samaki kuwa nyoka aliyejifunza kuogelea, na hata vijana waliotamani kuonja samaki walipita mbio wasije wakaonekana na mama zao. Jioni Beldina alirudi nyumbani na samaki wale wale. Gordon akamwambia, kwa upole lakini akamwambia, kwamba biashara isiposhika kufikia Krismasi, itabidi arudi kwao na watoto, yeye abaki Litein peke yake. Beldina akawa anakaanga huku analia.

Ndipo siku moja ya soko akatokea mama mzee, shuka begani, kikapu mkononi.

"Nipatie moja."

"Kogo, kwani wewe unakulanga samaki?" Kogo ndivyo Wakipsigis wanavyomwita nyanya, na neno hilo Beldina alishalijua.

"Nimekuuliza wewe unakulanga nini?"

Akakataa samaki afunikwe. Akamtia kikapuni mkia ukiwa nje, akalizunguka soko zima polepole akisalimia huyu na yule, ndipo akaenda zake. Siku ya soko iliyofuata akarudi. Na iliyofuata. Akazoea kukalia ndoo iliyopinduliwa kando ya meza, wakipiga gumzo la wakwe na magoti yanayouma mpaka mvua ya alasiri iwatawanye. Watu wakauona ule mkia. Wakasema, ikiwa Kogo anakula, sisi ni nani? Krismasi ikafika na Beldina hakufunga virago.

Mwaka wa tatu, Kogo akakosekana sokoni. Beldina akapika samaki wa mchuzi wenye dania, akapanda mlima na bakuli lake hadi kwa Kogo. Mlangoni alipokelewa na Chepkurui, mke wa mwanawe Kogo, aliyelishika bakuli kwa ncha za vidole, mbali na mwili wake.

"Hii nipeleke kwa watoto wa Omollo kama kawaida?" akauliza. Omollo alikuwa jirani yao, mchuma chai aliyetoka ziwani kama Beldina.

Beldina akaelewa. Miaka yote hiyo Kogo hakula hata mmoja! Uso ukamchoma kwa aibu. Akaingia ndani, akamkuta Kogo chini ya blanketi mbili, akamwambia wazi, "Kumbe ulikuwa unanionea huruma tu."

"Keti," Kogo akasema. "Nilipoolewa hapa kutoka Mulot, hakuna mtu aligusa mursik yangu, hiyo maziwa yetu ya mgando. Walisema majivu niliyopaka kibuyu changu yana harufu ya kwingine. Mama mmoja tu alikuwa anakuja kunywa, kila siku."

"Aliipenda?"

"Sijui. Alikunywa." Kogo akanyoosha mkono. "Huruma ilikuwa siku ya kwanza. Hizo zingine nilikuja kwa sababu yako. Lete hiyo kitu."

Akala kipande, amefumba macho kama anayemeza dawa chungu. "Iko na miba."

"Nimetoa yote, Kogo."

"Basi ni ubaya wake tu."

Wakacheka mpaka Chepkurui akaja kuchungulia.

Kogo alizikwa mwaka jana, kando ya shamba lake la chai. Beldina aliketi na wanawake wa boma, akalia kama aliyefiwa na mama, kwa sababu alifiwa na mama. Siku hizi meza yake ina foleni, na watoto wake wanasoma papo hapo Litein, baba yao akiwa nyumbani kila jioni.

Juzi Chepkurui alisimama mbele ya meza hiyo na kikapu kile kile.

"Nipatie moja."

"Dada, wateja ninao sasa," Beldina akamwambia. "Usijisumbue."

"Si huruma. Nataka kukula. Kogo alijaribu na uzee wake wote, mimi naogopa nini?"

Beldina akachagua samaki mwenye mnofu mnene. Akapindua ndoo, akamkalisha pale pale alipokuwa akikaa Kogo, mbele ya soko zima, akaanza kumtolea miba kwa vidole vyake mwenyewe.