Plasta Niliyoipiga Mwenyewe

Siku kamati ya ujenzi ya parishi yetu ilipotangaza kwamba kanisa la mawe libomolewe kwa sababu ukuta wake wa magharibi umeoza, nilikuwa nimeketi nyuma, karibu na mlango. Nilijua mambo mawili ambayo kamati haikuyajua. Jiwe haliozi. Na plasta iliyokuwa ikitoa maji ukutani hapo, niliipiga mimi.

Kanisa letu liko mgongoni mwa kilima, kati ya Kangemi na Loresho. Babu zetu walilijenga kwa mawe waliyoyachonga bondeni, wakayaunganisha kwa chokaa. Wakati huo pande zote zilikuwa mashamba. Leo fleti zimelizunguka, na nguo zinazoanikwa juu hutia kivuli madirishani. Serikali ilikuwa imetoa notisi ya kulilinda kama jengo la kale. Notisi ilibandikwa mlangoni, na mwenye pingamizi akapewa muda wa kuandika barua. Kamati ilitaka kuandika. Mwenyekiti wake, mzee mwenye fleti mbili barabara ya chini, alikuwa na mchoro wa kanisa la ghorofa lenye vyumba vya maduka chini yake. Barua hiyo ikipitishwa na mkutano wa parishi, ulinzi ungeweza kuondolewa, na baada ya hapo lingekuja tingatinga.

Sharti nieleze habari ya plasta. Nilipokuwa kijana, chama cha akina mama kilichanga ili kulipendezesha kanisa. Siku hizo mawe wazi yalionekana kama umaskini. Mkandarasi aliyepata kazi aliniajiri, nami nikazifunika kuta zote, ndani na nje, kwa saruji nzito na rangi ya mafuta. Nilitumia timazi na pima maji. Hakuna pembe iliyopinda. Kwa miaka mingi, kila nilipoingia kusali, niliitazama kazi hiyo kabla sijafumba macho.

Shule niliiacha mapema. Mengi ninayoyajua nimeyasoma katika maktaba mjini, siku zisizo na kazi. Huko ndiko nilikojifunza kwamba ukuta wa mawe na chokaa hunywa maji ya mvua, kisha huyatoa polepole kupitia viungo vyake. Ukiuziba kwa saruji, maji huingia kwenye nyufa na hayapati pa kutokea. Ukurasa huo niliusoma mara tatu. Mara ya tatu nilikuwa natafuta kosa la mwandishi, sikuliona.

Nikamwomba mchungaji ruhusa ya kubandua plasta, sehemu ya ukubwa wa mlango, ndani na nje.

"Ukiangusha hata jiwe moja, fundi," akaniambia, "mimi sikujui."

"Sawa, mchungaji."

Nilibandua kwa tindo na nyundo ndogo. Mawe yalikuwa meusi kwa unyevu, lakini alama za wachongaji zilikuwa bado kali chini ya kidole. Kila Jumatatu nilikwangua chembe za chokaa kutoka kiungo kilichokuwa wazi, na nyingine kutoka chini ya plasta kando yake. Nilizifunga kwa nailoni, mafungu mawili, nikayapeleka Parklands kwa sonara mmoja niliyewahi kumjengea ukuta wa ua, maana mizani yake hupima vitu vidogo. Nilipima chembe zikiwa mbichi, nikazikausha juu ya jiko nyumbani, nikarudi kesho yake kuzipima tena. Uzito uliopungua ni maji. Nikaandika daftarini.

"Hii dhahabu ya wapi, fundi? Kakamega?" sonara aliniuliza.

"Ya kanisa."

"Basi usiuzie mtu mwingine."

Wiki baada ya wiki, maji ya fungu la kwanza yalipungua. Ya fungu la pili hayakubadilika.

Mkutano ulifanyika baada ya ibada, humo humo kanisani. Nilisoma daftari langu tangu mwanzo hadi mwisho. Mwenyekiti alingoja nimalize.

"Huyu fundi wetu anapima kanisa na mizani ya sonara," akasema. "Wiki ijayo atatupimia Roho Mtakatifu!"

Watu walicheka. Akaendelea: "Na nani amesema simiti ni mbaya? Fleti zangu zote ni simiti, na hakuna hata moja inalia maji."

"Fleti zako bado ni watoto, mzee. Zingoje."

Kicheko kikahama upande. Hakukipenda.

"Haya. Kama plasta ndiyo iliharibu, tuambie fundi aliyepiga ni nani. Tumjue."

Nadhani aliamini hakuna aliyekumbuka, na kweli hakuna aliyekumbuka. Jina lililobaki lilikuwa la mkandarasi. Kazi zangu zote Kangemi huja kwa sifa, mtu akimwambia jirani yake. Ningeweza kuketi.

"Ni mimi," nikasema.

"Mmesikia? Aliyeua kanisa ndiye anataka kuwa daktari!"

"Sikuliua. Nililiziba pumzi. Na najua niliziba wapi, kwa sababu mkono ni huu."

Hapo akasimama mama mmoja mzee, yule aliyeongoza mchango wa plasta zamani. Hakumtazama mwenyekiti. Alinitazama mimi.

"Kwa hivyo zawadi yetu ndiyo ilikuwa ugonjwa?"

"Mama, zawadi ilikuwa njema. Fundi ndiye hakuwa amesoma."

Alienda taratibu hadi ukutani. Akaweka kiganja juu ya mawe wazi, akakiacha hapo kwa muda. Kisha akakiweka juu ya plasta, akakiondoa na kukipangusa kwenye sketi.

"Hapa pakavu. Hapa panalia," akasema. "Hiyo barua isitaje akina mama. Hatumo."

Mikono ilipoinuliwa, barua ilishindwa. Muda wa pingamizi ukapita, na kanisa likawa jengo linalolindwa. Sheria sasa inakataza mtu yeyote kuligusa bila kibali, hata mimi, kwa hiyo niliomba kibali cha kuibandua plasta yangu mwenyewe. Nilijaza fomu zote, nikaambatisha nakala ya daftari. Kibali kilikuja na masharti: ukuta mmoja kwa wakati, chokaa tu, saruji marufuku. Masharti hayo ningeyaandika hivyo hivyo.

Wateja wawili waliniacha baada ya mkutano ule. Hawatajengewa, walisema, na fundi anayetangaza makosa yake. Waende kwa wale wasioyatangaza.

Juzi mwenyekiti alipita nikiwa juu ya jukwaa, ukuta wa magharibi ukiwa umebanduliwa nusu. Akasimama chini, mikono nyuma.

"Kwa mwendo huu, fundi, utamaliza nikiwa nimeshakufa."

"Basi tutakuagia humu ndani, mzee," nikamjibu. "Patakuwa pakavu."

Nikageuka, nikaweka tindo kwenye plasta, nikapiga.