Draiva za Betri Mbili

Siku ninayoikumbuka, mwanangu, ilikuwa ya masika. Udongo wa Mbozi ulikuwa umegandamana kwenye viatu, na umeme ulikatika na kurudi mpaka tukaacha kulalamika. Nilikuwa kijana mgeni kazini, katika hospitali moja upande wa Isansa. Mkubwa wangu alikuwa Mama Agnes, fundi wa kompyuta, mzaliwa wa Ileje, mtu wa maneno machache.

Kazi yetu ilikuwa kuijenga programu ya kuchunga betri ya akiba, hii mnayoiita UPS. Umeme ukikatika, programu ilipaswa kupiga king'ora ili friji la damu liwashiwe jenereta. Programu yenyewe haikuja tayari. Ilikuja ghafi, ikabidi uijenge mwenyewe ndani ya kompyuta, na kwanza uchague draiva. Draiva ni kipande kinachojua lugha ya betri ya aina fulani. Zilikuwepo nyingi mno, hata za mitambo ya viwandani ambayo huku haijawahi kufika.

"Nazijenga zote," nikasema. "Tumalize, mama, tukapumzike."

Hakunikataza. Kompyuta ilikuwa kuukuu. Ikasaga mpaka adhuhuri, ikagoma. Draiva moja ilidai kitu tusichokuwa nacho. Nikakitafuta mtandaoni, nao mtandao ukasuasua. Nilipokipata, ikagoma kwa draiva nyingine. Wahenga hawakukosea: mtaka yote kwa pupa hukosa yote.

Mama Agnes akavuta kiti, akaketi kwa kuguna. "Baba, umeenda kuiona betri yenyewe?"

"Jina lake nalijua, mama."

"Jina la mbele ni la muuzaji. Njoo tuigeuze."

Tukasoma kibandiko cha nyuma, tukaangalia waya wake. Hapo draiva yake ikajulikana. Nikadhani tumemaliza, kumbe ananipeleka stoo, kwenye betri ya zamani iliyofunikwa gunia la kahawa.

"Na ya hii."

"Mama, hii si imeshastaafu?"

"Akiba haiozi. Ijengee."

Mgongo uliniuma, lakini nikatii. Tukajenga draiva mbili tu, zikawa tayari chai haijapoa.

Masika hayajaisha, radi ikaua betri mpya. Tukaunganisha ile ya stoo, na programu ikaielewa. Jumapili moja watu wakiwa kanisani, umeme ukakatika. King'ora kikalia, muuguzi wa zamu akakimbilia jenereta. Jioni yake akaletwa mama aliyejifungulia njiani, damu inamtoka bila kukoma. Damu ya friji ilikuwa salama. Akaongezewa, akapona.

Mama Agnes hakushangilia. Aliegemea ukuta, akafumba macho. "Haya," akasema. "Ya leo imepita."

Uchovu ule sasa ni wangu, mwanangu. Nawaona vijana mkipakua kila kitu mkidhani wingi ni usalama, kisha mnakesha mkirekebisha msichokihitaji. Kabla ya kuchagua, inuka ukakione kwa macho yako kile ulicho nacho. Kijengee hicho, na kijengee kitakachoshika nafasi yake kikifa. Vingine viache, hata vikikuvutia. Na mkubwa akikuambia ongeza kimoja, mwulize sababu kwa adabu, uongeze.

Mwenyezi Mungu aibariki mikono yako, akupe usingizi mwema baada ya kazi, na wanao wakukute mlangoni ungali na nguvu za kuwabeba.