Java au Python, Baba?

Jumanne, kwenye treni ya kwenda Alby, kitongoji cha Stockholm, mbele yangu walikaa Mtanzania mmoja mtu mzima na binti yake, mwanafunzi wa chuo.

“Baba, kwa kuandika programu, Java na Python ipi bora?”

“Java inakulazimisha utaje mapema kila kitu ni cha aina gani, namba au maneno,” baba alisema, akipigapiga goti. “Python haikulazimishi, ila kosa utaliona programu ikishaanza kufanya kazi.”

“Basi nisome Java?”

Alitazama viatu vyake. “Nimeiandika miaka ishirini. Leo kazini wameniambia mfumo wetu wa kompyuta unaandikwa upya kwa Python, na mimi sihitajiki tena.”

Binti aliweka simu chini. “Mama anajua?”

“Bado. Nisaidie kumwambia.”

Walishuka wameshikana mikono. Tunabishana sana lugha ipi ya programu ni bora, na anayeamua nani abaki kazini wala hayumo kwenye ubishi.