Baba Mkwe Wangu ni Namba Kumi na Nne

Ndugu wasomaji, nimemwomba mhariri afiche jina langu, na nyie msilitafute. Nina miaka thelathini na mitatu, Mhehe wa Kalenga, nimeolewa na Mnyakyusa, mwalimu huko Iringa. Mimi nafanya kazi hospitalini Mbeya. Nilirudi kutoka ng'ambo mwaka 1974 na shahada ya fizikia, na tangu hapo natengeneza kitu kimoja tu: transista ndogo kuliko punje ya mchele. Ukiidondoshea tone la damu, mshale wa mita unaonyesha chumvi iliyomo. Ni ya utafiti wa wagonjwa wa figo. Ina kisirani, bila mimi haisomi sawasawa. Nimechoka nayo.

Kwa Wanyakyusa mkamwana na baba mkwe hawaonani. Miaka saba ya ndoa, nikienda kwao najifunika kanga na kupita migombani.

Kwenye utafiti hatuandiki majina, tunaandika namba. Siku tatu nilimchoma kidole mzee namba kumi na nne huku nimemshika mkono. Mcheshi kweli. Siku ya nne akanisimulia habari za mwanawe, mwalimu wa Iringa, aliyeoa Mhehe msomi wa mambo ya umeme.

"Msomi, lakini ana adabu," akasema. "Hata kivuli chake sijakiona."

Nikajua huyu ndiye baba mkwe wangu. Nilipaswa kuondoka palepale. Nikasoma mita, nikaandika, na kesho yake nikarudi. Hilo ndilo kosa langu, maana siku zile tatu za kwanza sikujua, ila hizi wiki mbili najua.

Mashine ya maabara imeharibika, spea haijaja, daktari anampimia dawa kwa mshale wangu. Nilimweleza mume wangu kwa simu. Akasema, "Mwache. Mzee akijua, aibu itamuua kabla ya figo." Nikamuuliza nani atapima. Akakata simu.

Sasa mzee anapata nafuu. Juzi kanyoosha kidole mwenyewe, akasema, "Ndaga, asante, mwanangu. Mkamwana wangu ana mimba. Akizaa binti, nataka aitwe jina lako. Unaitwa nani?"

Nikajifanya sikusikia. Mimba ina miezi mitano, koti jeupe bado linaificha, na kila asubuhi ananiuliza tena. Nishaurini ndugu zangu, nimjibu nini?