Kivuli cha Lenzi ya Chini

Shilingi mia tatu na ishirini za kamera. Nauli za safari mbili, shilingi kumi na nane. Filamu mbili zilizoharibika bure. Hesabu hiyo nimeipiga mara mbili na haibadiliki. Kuna pia shilingi mia moja na thelathini ambazo sikuzilipa, na hizo ndizo zilizonitia hasara kubwa. Ukitaka kusema nimetunga, sema. Ila niamini, mtu kama mimi akitunga kisa, hawezi kujitia yeye mwenyewe kwenye upande wa kupata aibu.

Nilikuwa na studio ya chumba kimoja pale Tumbi, Kibaha. Ilikuwa ile miaka ya watu kuhamia vijiji vya ujamaa. Kila mtu alitaka picha ya kadi, na kamera yangu ilikuwa imekufa. Madukani ungepata sabuni kwa bahati, kamera usiulize. Ndipo nikasikia kuwa kule Marui, wilaya ya Kisarawe, mpiga picha mmoja amefariki, mkewe ametoka eda, na anauza kamera ya marehemu.

Nilifika kwake saa saba mchana, jua la kuchoma utosi. Mama Zena alikuwa mwanamke wa makamo, mwembamba, mwenye maneno yake. Nilipojitambulisha akacheka.

"Kumbe fundi mwenzake! Basi wewe ni shemeji yangu. Usinipunje."

"Shemeji, mimi nitakupunja vipi?"

"Wapiga picha nawajua. Nimelala na mmoja miaka kumi na tisa."

Alitaka mia nne na hamsini. Nikamwambia siwezi kulipa kabla ya kuipima.

Sasa nisikilize vizuri. Ilikuwa kamera ya macho mawili. Lenzi ya juu ni ya kutazamia tu: unainamia kioo, unamwona mteja. Lenzi ya chini ndiyo inayopiga. Mnunuzi mjinga hutazama ya juu, akaridhika, akalipa. Mimi nilifungua mgongo wa kamera, filamu haijawekwa, nikabandika karatasi nyembamba ya kunakilia ramani pale filamu inapokaa, nikaiacha lenzi ya chini wazi. Hapo unalinganisha: ya juu inaonyesha nini, ya chini inaonyesha nini. Zikipishana kidogo tu, bei inashuka.

Nikafudikiza kinu uani, nikaweka kamera juu yake. Mama Zena akakaa kwenye kigoda mbele ya ukuta wa udongo. Nikaomba kanga, nikajifunika kichwa ili kupata giza.

Lenzi ya juu: mama amekaa peke yake. Safi.

Lenzi ya chini huonyesha kila kitu kichwa chini miguu juu, ndiyo kawaida yake. Nikapindisha shingo. Mama amekaa. Na nyuma yake amesimama mwanamume mwenye shati jeupe, mkono wake umelala begani kwa mama. Nyusi yake ya kushoto ilikatwa na kovu. Alikuwa ananitazama mimi.

Nikatoa kichwa. Ukuta, kigoda, mama. Nikarudi ndani ya kanga. Juu, mtu mmoja. Chini, watu wawili. Nikahesabu tena. Wewe ungefanyaje? Ungekimbia? Moyo ulikuwa unakimbia, ulimi ukabaki sokoni.

"Shemeji," nikasema, "lenzi ya chini ina kivuli."

"Kivuli gani tena?"

"Ukungu. Unyevu umeingia. Kila picha itatoka na doa hapo begani."

Akagusa bega lake, lile lile. Kisha akasema polepole:

"Marehemu aliitunza kuliko alivyonitunza mimi. Ilikuwa inalala kitandani, mimi ukingoni. Amepiga picha Kisarawe nzima, maharusi, watoto, mpaka mbuzi wa watu. Yeye mwenyewe hana hata moja. Nani angempiga, na kamera anaishika yeye? Sasa sura inaanza kunitoka, shemeji. Lile kovu lake, sikumbuki tena lilikuwa nyusi ya kulia au ya kushoto."

Nilikuwa nimeliona dakika ile ile. Nikaanza kuikunja kanga yake.

"Basi weka filamu," akasema, "nipige moja tu, nikione hicho kivuli."

Mfukoni nilikuwa na filamu mpya ya picha kumi na mbili. Kumi na mbili! Nikamjibu kwamba filamu ni adimu, nimeitunzia harusi ya watu. Nikamwambia kwa ubovu ule nitatoa mia tatu na ishirini. Alihitaji fedha za kuhamia kijiji kipya. Akakubali.

Nyumbani Tumbi kamera ilipiga wateja bila doa. Nikaanza kujiambia lilikuwa jua la saa saba. Mwezi wa pili nikahitaji picha yangu ya kadi. Mke wangu Asha akaniinamia kwenye kioo, akabonyeza. Usiku nikaitia karatasi kwenye beseni la dawa, sura ikaanza kuja. Shati langu. Kola yangu iliyochanika. Lakini sura ya yule mwanamume, kovu kwenye nyusi ya kushoto.

"Mimi nilikupiga wewe," Asha alisema. "Nilikuona wewe kwenye kioo, unakunja uso kama kawaida yako."

Tulimaliza filamu nzima. Nikaenda kwa mpiga picha wa Mlandizi, kwa kamera yake na filamu niliyoileta mwenyewe. Ni yeye tu. Sikukuu tulipiga picha ya familia. Binti yangu akauliza huyu baba mgeni aliyemshika mama ni nani. Asha aliichana mbele yangu, na tangu siku hiyo hasimami nami mbele ya kamera yoyote.

Nikachukua picha moja iliyotoka vizuri, nikaitia kwenye bahasha, nikaenda Marui. Nyumba ilikuwa imebomolewa. Mama Zena nilimkuta kijiji kipya, safu ya nne ya nyumba, amekonda zaidi. Akanipa maji, akauliza kamera imepona?

"Imepona," nikasema, nikamwekea mia moja na thelathini juu ya mkeka. "Nilishusha bei yako kupita kiasi."

Akazirudisha kwangu kwa vidole viwili. "Chukua, shemeji. Tulikubaliana. Mali ilikuwa na kasoro, na wewe ndiye uliyekuwa mkweli ukaniambia."

Kisha akasema sura ya mumewe imemtoka kabisa. Amebaki na kikohozi chake tu, jinsi alivyokuwa akikohoa kabla ya kuingia ndani.

Bahasha ilikuwa kwapani. Nikaibana. Nikiitoa, ataliona shati langu. Ataniuliza nilimwona wapi, na lini. Na mimi nitamjibu: alikuwa amesimama nyuma yako, mkono begani, wewe ukiniomba picha moja, nami nikamwita ukungu. Nikanywa maji, nikaaga.

Wewe unayenunua chombo cha marehemu, kikague, shusha bei upendavyo. Lakini ukiona ndani yake kitu ambacho mwenye mali anakililia, kitaje hapo hapo, kabla hamjapeana mikono. Ukichelewa siku moja hutaweza.

Sasa naombeni ushauri, hasa nyinyi mliofiwa na waume. Picha ninayo. Nimtumie kwa mtu, bila jina, aikute mlangoni? Au niende mwenyewe, nikae kwenye mkeka wake, nimweleze yote? Na kama ni kwenda, niambieni nianze na neno gani.