Beseni Lisiloguswa

Mkalimani alishuka kwenye gari la tatu siku hiyo akiwa na begi moja, karatasi ya maelekezo na kiu. Maelekezo yalisema apite duka la rangi, ahesabu mageti matatu, agonge la bluu. Duka la rangi aliliona. Mageti yalikuwa manne, na mawili kati yake yalikuwa ya bluu. Akasimama katikati ya barabara kama mtu aliyesahau alichotumwa, ndipo akasikia sauti ya mwanamke ikigomba nyuma ya geti la kulia, taratibu, bila ya mtu wa kujibu.

"Haya, usiote. Kaa humohumo. Tuone nani atachoka wa kwanza."

Akagonga. Geti lilifunguliwa na mwanamke wa miaka hamsini na ushei, futi ya kupimia nguo ikiwa shingoni, udongo ukiwa umempanda mpaka kwenye viwiko. Nyuma yake hakukuwa na mtu. Kulikuwa na ndoo za rangi zilizotupwa na duka la jirani, madumu ya mafuta ya kupikia yaliyokatwa ubavu, tairi moja na gunia lililokunjwa mdomo, vyote vimejazwa udongo na vyote bila jani hata moja.

"Wewe ndiye mpangaji? Karibu, mwanangu. Angalia unapokanyaga, nimepanda."

Alikuwa fundi cherehani, na nyumba ilikuwa ya mama yake, marehemu sasa kwa mwaka mmoja na miezi. Mkalimani alipewa chumba cha mama. Alikuwa amekuja kwa kazi ya miezi mitatu hospitalini, kuwatafsiria madaktari wageni na wagonjwa wao, na chumba chenye dirisha la uani kilimtosha sana. Kitu kimoja tu kilimkosesha utulivu. Kando ya mlango wa nyuma palikuwa na kandambili za kike, zimelika kisigino, zimeelekezwa nje kama mwenyewe anatoka sasa hivi. Hakuna aliyezivaa, na hakuna aliyezisogeza hata wakati wa kufagia.

Jambo la fundi alilijua kabla wiki haijaisha, maana Mama Pacha, jirani wa chumba cha mbele, hakuwa mtu wa kuweka habari ikapoa. Binti pekee wa fundi alikuwa na ujauzito wa miezi sita, mji wa mbali. Ilishakubaliwa kwamba siku zikikaribia fundi atafunga cherehani na kuhamia huko moja kwa moja. Alikuwa na miezi mitatu, na katika miezi hiyo alitaka kitu kimoja: mbegu mpya za mchicha wa mama yake.

Haukuwa mchicha wa sokoni. Ulikuwa na jani pana lenye doa la zambarau katikati, kama chai imemwagika juu yake. Marehemu aliupata kwa mama yake, naye kwa mama yake, na aliulima kwenye ndoo hapo uani maisha yake yote. Fundi, kwa upande wake, hakuwahi kushika hata kopo la kumwagilia. Baada ya mazishi alikuta kwenye droo chupa ya dawa iliyofungwa kwa kitambaa, na ndani yake vijipunje vyeusi, vidogo kuliko chumvi. Kwingine kote duniani, alivyojua yeye, hazikuwepo.

Nusu ya kwanza aliiua kwa mikono yake. Alichota udongo kwenye mtaro wa ujenzi, akamimina mbegu mstari mmoja mnene, juu juu, chini ya jua kali. Sisimizi walizibeba kutwa nzima kama wanahama. Zilizobaki zikaota, naye kwa furaha akazipa kinyesi cha kuku kibichi, ndoo kwa ndoo. Siku mbili baadaye miche ilikuwa imeungua kama imepigwa pasi. Mama Pacha alikuja kumwambia kwamba mbolea mbichi inaunguza. Alikuja baadaye.

"Ungeniambia mapema ungepungukiwa nini?" fundi alimuuliza.

"Ningekosa la kukuambia leo."

Hivyo nusu ya pili, ile aliyokuwa akiigombeza siku mkalimani anafika, ndiyo ilikuwa ya mwisho. Safari hii alikuwa mwangalifu kama anakata kitambaa cha bibi harusi. Alitoboa ndoo matako kwa msumari wa moto. Alichanganya udongo wa mtaro na maganda yaliyooza na kinyesi cha kuku kilichokaa wiki sita. Mbegu alizichanganya na mchanga mkavu ili zisirundikane, akazifunika kwa udongo mwembamba, akazungushia jivu. Maji yalikuwa yale ya kuoshea mchele na mboga, hakuna tone lililokwenda bure. Mkalimani alipewa kopo na zamu ya asubuhi. Alipomimina kwa nguvu na kufukua mbegu, fundi alimtazama kwa huruma.

"Unajua lugha sita, na kumwagilia hujui?"

"Hakuna aliyewahi kunilipa kumwagilia."

"Basi leo umeanza kujitolea."

Siku ya nane zikaota. Si zote, pengine theluthi, lakini kila ndoo ilikuwa na chochote. Fundi hakucheka wala hakushangilia. Alikaa juu ya kiti cha cherehani alichokitoa uani, akavitazama vile vijani vya zambarau mpaka mteja wa saa nne akaondoka bila kupimwa.

Mchana nyumba ilikuwa ya kawaida. Alfajiri ndipo palipokuwa na jambo. Mkalimani aliamka akisikia kandambili zikitembea uani, pa, pa, pa, polepole, hatua za mtu mzito asiye na haraka. Akichungulia, haoni mtu. Kandambili ziko mlangoni. Lakini chini ya tangi la maji, kwenye kona, palikuwa na beseni la bati lenye ufa, nalo fundi alikuwa amelipandia mbegu kidogo, na udongo wa beseni hilo ulikuwa umelowa kila asubuhi kabla mtu hajagusa kopo. Mchicha wake ulikwenda juu kuliko yote. Fundi akipita pale aligeuza uso.

Alipomuuliza, fundi alisema tu kwamba naye husikia, na kwamba asizungumze habari hizo wakati wa kula.

Wiki ya sita wakaanza kuchuma. Fundi alikumbuka mikono ya mama yake vizuri kuliko alivyodhani. Mama alikata kila kichwa kilichotaka kuchanua, kwa kucha, juu ya jani la tatu, na shina likatoa matawi mengine. Naye akafanya vilevile, kila siku ya tatu, ndoo kwa ndoo, bila kuruka hata moja. Wakala, Mama Pacha akala, pacha wake wakagoma kula. Ilikuwa kama mtu amerudi jikoni.

Asubuhi moja mkalimani alinyoosha mkono kwenye beseni, penye majani mazuri kuliko yote. Fundi alimdaka kifundo cha mkono, kwa nguvu, mpaka kucha zikaacha alama.

"Hilo haliguswi."

Kisha akamwachia, akaona haya, na kwa kuwa alishamuumiza mtu ilimbidi aeleze. Walikuwa watoto watatu nyumbani, na kabla yao alikuwepo wa kwanza, wa kiume, aliyekufa hajaanza kutambaa. Mama alichuma ndoo zote isipokuwa beseni lile. Hakusema kwa nini. Watoto walinong'onezana wakakubaliana wenyewe kwamba ule ni mgawo wa marehemu kaka yao, na kwamba ndiye anayekuja alfajiri kuuchukua. Alipokuwa na miaka minane, fundi alitaka kuwaonyesha wenzake kwamba haogopi. Akakikwanyua kichwa cha mchicha ule, akala kibichi. Mama yake, ambaye hakuwahi kumpiga mtoto, alimpiga kofi moja, halafu akakaa chini palepale kwenye tope na kulia.

"Toka siku hiyo sijashika ndoo," fundi alisema. "Nikapanda na humo kwa sababu siku zote pamepandwa. Lakini kuchuma, hapana."

Wiki ya kumi na moja, asubuhi na mapema, binti akapiga simu. Miguu ilikuwa imevimba, daktari hakuipenda, mama aje Jumamosi, asingoje mwisho wa mwezi. Fundi alitoka uani na chupa tupu ya dawa mkononi, akamuuliza Mama Pacha, kama mtu anayeuliza bei, mbegu hizi hukomaa lini akishaacha kuchuma.

Mama Pacha alizitazama ndoo, mashina magumu yaliyokatwakatwa, yakihangaika kutoa vijani vidogo. Kwa mara ya kwanza hakufanya mzaha.

"Mbegu zinakaa kwenye kichwa, mama. Ulichokata mwezi uliopita ndicho kingekomaa leo. Sasa hivi mpaka zikomae ni mwezi na zaidi."

Fundi alikaa kwenye ukingo wa tairi. Ilikuwa Alhamisi. Alisema kwa sauti ndogo kwamba basi amezimaliza. Mama yake, na mama wa mama yake, wote hawa, na yeye ndiye amewala.

Mkalimani ndiye aliyetazama kona ya tangi. Mchicha wa beseni ulikuwa umepita kimo cha mtu, majani ya chini yamekauka, na juu suke nene la zambarau lilikuwa limeinama kwa uzito wake. Aliligusa kwa kidole kimoja, kwa woga aliouazima. Punje nyeusi zikadondoka kwenye kiganja chake, zinang'aa. Na aliposimama pale akaona juu yake kiungo cha bomba la tangi, na tone likitengenezeka.

"Bomba linavuja," alisema.

"Linavuja toka nikiwa mdogo, alfajiri maji ya mtaa yanapokuja. Fundi bomba aliitwa mara mbili, mama akamfukuza mara mbili." Fundi alilitazama bomba, akalitazama beseni lililowekwa sawasawa chini yake, akalitazama suke. "Lo, mama," alisema.

Ilimchukua mpaka Ijumaa jioni kuweza. Alikuja na mkasi wake wa kitambaa, ule asiomruhusu mtu kukatia karatasi, akasimama mbele ya beseni muda mrefu, mabega juu, kama anayengoja kofi. Kisha akakata. Walilisugua suke juu ya sinia, wakapeperusha makapi kwa pumzi, na chupa ikajaa mpaka shingoni.

"Miaka zaidi ya arobaini naogopa mbegu," alisema, akafunga kitambaa. Alianza kucheka, kicheko hakikufika mbali. "Alikuwa anaacha mbegu tu. Mwaka ule nilizila zote. Sawa. Lakini mbona alilia vile?"

Mkalimani aliokota moja moja punje zilizobaki kwenye sinia.

Jumamosi gari lilikuja kabla jua halijapanda. Cherehani ikapakiwa, godoro, masanduku mawili. Fundi alimwachia mkalimani, ambaye alibakiza wiki moja ya kazi, funguo na punje chache ndani ya karatasi, azipande upya kwenye beseni.

"Za kwenye ndoo chuma utakavyo. Ya kwenye beseni..."

"Haiguswi."

"Na bomba usilitengeneze."

Alikwenda mlango wa nyuma, akainama juu ya kandambili. Mkalimani alidhani atazichukua. Alizigeuza tu, zikatazama ndani, akapanda gari akiwa ameshika chupa kwa mikono miwili. Geti likafungwa. Mkalimani alibaki uani peke yake, na kwenye kona tone lilipiga ukingo wa bati, pa, kisha pa. Lilifanana na kandambili. Halikufanana sana.