Vibao vya Njia Dukani kwa Hajji

Marehemu baba alikuwa na ngamia jike mwekundu aliyekaa kwetu Korbesa miaka mingi. Tulikunywa maziwa yake, tukamwita wetu, na hakuwa wetu. Alikuwa wa mtu wa Biliqo. Kwetu mtu akiona una watoto na huna maziwa, anakupa jike umkamue, lakini ndama ni wake, na ndama wa ndama ni wake. Shingoni yule ngamia alikuwa na alama ya moto ya wenyewe. Nikamwuliza baba kwa nini tusimpige alama yetu pia, si analala kwetu? Baba alinizaba kofi kwanza, ndipo akajibu: "Kulala atalala popote. Kutoka, ametoka mahali pamoja."

Ukame ulimmaliza ngamia yule, ukawamaliza na mbuzi wetu, tukahamia Isiolo mjini mikono mitupu. Shule niliacha darasa la tatu. Ndivyo nilivyofika dukani, ninyi mnaoniuliza mambo ya kazi.

Siku ya kwanza nilivaa viatu vya baba, vikanipwaya hadi watu wakacheka. Mwenye duka tulimwita Hajji. Babake aliletwa huku na jeshi la wakoloni, akabaki, akazaa wafanyabiashara. Nikasema salaam aleikum.

"Aleikum salaam. Unajua kusoma?"

"Kidogo, Hajji."

"Afadhali. Wateja wangu wengi hawajui kabisa, na sitaki karani wa kuwacheka."

Nilianza kwa kubeba magunia, halafu nikapandishwa kaunta, mwisho nikawa mkuu wa rafu. Duka lilikuwa na pande nne. Juu ya kila upande kumetundikwa kitu: pembe ya ng'ombe kwa mali ya mifugo, mwiko kwa mali ya nyumbani, kipande cha tairi kwa mali ya safari, nyundo kwa ujenzi. Kila bidhaa ilifungwa kibao kidogo cha mbao chenye picha tatu kwa mstari: upande, rafu, halafu kazi yake. Pembe, tone la dawa, kupe. Hiyo ni dawa ya kupe, ya kuogeshea ng'ombe. Ukiikuta imezagaa popote unajua imetoka wapi na irudi wapi. Mama aliyetoka Ngaremara na makaa kichwani, herufi haijui hata moja, alisoma vibao vile kuliko mimi nilivyosoma gazeti. Tuliwafundisha sisi wenyewe pale kaunta.

Shida ilikuwa vitu vya makao mengi. Kamba, kwa mfano, ni ya ngamia, ni ya kisima, ni ya kufunga mzigo wa lori. Hajji aliamuru ikae pande zote inakotafutwa, lakini kibao chake kiwe kimoja tu, cha pembe, kwa sababu kwao ni huko. Dereva mmoja akaja upande wa tairi, akakiona.

"Warya, wewe Guyo! Pembe? Mimi nimekuwa ng'ombe?"

"Lori lako linakunywa maji kuliko ng'ombe. Chukua kamba uende."

Na dawa ya kupe vilevile. Akina mama waliipenda kwa kunguni wa vitandani, basi chupa kadhaa zilikaa rafu ya sabuni, upande wa mwiko, lakini zimefungwa kibao cha pembe. Mama akiona pembe katikati ya sabuni lazima aulize. Akiuliza, tunamrudisha upande wa mifugo, anaambiwa hapo: kifuniko kimoja kwa ndoo nzima ya maji, na ngozi ya mtu isiguse. Kibao kilikuwa cha kumsimamisha mtu.

Juzi mjukuu wangu, ambaye anauza nguo kwa simu, alinionyesha duka lake. Juu ya kila nguo kuna mstari wa maneno: nyumbani, wanawake, harusi. Akasema, "Babu, hii shuka ni ya harusi na ni ya zawadi, sijui niandike njia ipi. Ile aliyopitia mteja, ama moja tu ya kudumu?" Nilimrudishia simu yake. Watu hudhani mtu mzee husahau.

Pale dukani miaka ilipita, Hajji macho yakamwisha. Akawa anakaa kwenye kiti mlangoni, anatambua watu kwa miguu yao. Duka akampa mkwewe kutoka Nairobi, tukamwita Meneja. Hakuwa mtu mbaya, niseme ukweli. Alitulipa vizuri kuliko Hajji.

"Guyo, mteja yuko kwa sabuni, wewe unamrudisha kwa ng'ombe. Kwa nini umsumbue?"

"Meneja, ile dawa kwao ni pembe."

"Kwao ni pale mteja anapoikuta. Alipopitia ndiyo njia."

Akaleta vibao vipya kutoka kwa fundi wa mabango. Chupa za dawa za rafu ya sabuni zikafungwa: mwiko, sabuni, mdudu. Nilisema ni hatari. Nikasema tena. Akaniambia wazee wa Isiolo wanapenda kuzunguka.

Mama Ekai wa Ngaremara alikuja kuuza makaa. Mtoto wake alikuwa na chawa. Alikwenda rafu ya sabuni, akachukua chupa, akalipa, hakuuliza. Angeuliza nini? Alimwosha mtoto kichwa nayo hivyohivyo, bila maji. Ekai alifia njiani wakimkimbiza hospitali.

Konstebo alimleta dukani yule mama, amemshika mkono kama mwizi. Ilikuwa apelekwe kituoni kwa kumwua mwanawe, ila konstebo alitaka kwanza kuuliza habari za ile chupa.

"Hajui kusoma," Meneja akasema. "Ni bahati mbaya, lakini ni ujinga wake."

Mama Ekai hakulia. "Nilisoma," akasema. "Mwiko. Sabuni. Mdudu. Si nyinyi mlinifundisha?"

Konstebo akanigeukia. "Mzee Guyo, chupa ilikuwa na kibao gani?"

"Pembe," Meneja akadakia, kwa sauti ya upole. "Si ni pembe, Guyo? Una watoto sita, wewe."

Nilikuwa nimeshika kijiko cha mizani, napimia mtu misumari.

"Mwiko," nikasema. "Zote za sabuni ni mwiko. Meneja ndiye aliyeleta vibao hivyo. Nenda ukaangalie, bado zimesimama."

Konstebo alikwenda akaangalia. Akauachilia ule mkono. Mama Ekai akabaki amesimama palepale, kana kwamba hajui mkono umeachiliwa.

"Maliza misumari," Meneja akaniambia. "Tutaongea jioni."

Niliweka kijiko chini, nikachukua koti langu msumarini. Mlangoni Hajji akainua uso. "Ni nani anatoka?" Nikavuka kizingiti. Nikapita msikiti, nikapita malori ya Merti yanapopakia, nikazidi kwenda, na duka lile sikukanyaga tena.